Barua Niliyomwandikia Jirani

Alhamisi, tarehe 2 Julai 2020. Asubuhi upepo ulikuwa wa kutoka ziwani, baridi ya kuvaa sweta, na vumbi la kiangazi limeanza kuingia ndani ya nyumba. Jua lilianza kuwaka vizuri kama saa mbili hivi. Mvua hakuna, wala dalili yake.

Shule zimefunguliwa Jumatatu. Leo ni siku ya nne, na mtoto wa jirani yangu hajarudi kwenye shule aliyosoma tangu chekechea. Hatarudi tena. Nataka kuandika jinsi nilivyohusika. Mke wangu anasema nikiandika nitajitetea tu, maana mwenye kalamu ndivyo alivyo. Nitajaribu nisijitetee. Nikiteleza nisamehewe, mimi ni mtu wa darasa la saba, tena la saba la zamani.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mirongo, Mwanza. Mashine yangu iko barazani, nashona sare za shule kuliko kitu kingine chochote. Pia ni mjumbe wa nyumba kumi, kazi ambayo haina mshahara lakini ina wageni. Mtu akitaka kumdhamini ndugu yake polisi, akitaka kufungua akaunti benki, akitaka kusafirisha maiti, anaanza kwangu. Namwandikia barua, anaipeleka ofisi ya mtaa, inagongwa muhuri.

Barua za mjumbe zina desturi yake, na kila mtu wa mitaa yetu anaijua. Zinatiwa chumvi. Mtu akiwa na homa, mjumbe anaandika mahututi. Mtu akidaiwa kodi ya mwezi mmoja, mjumbe anaandika kwamba analala nje na watoto. Mjumbe aliyenitangulia, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa na neno lake alilolipenda, "hoi". Hoi kwa njaa, hoi kwa maradhi, hoi kwa madeni. Siku ananikabidhi daftari aliniambia, "Kijana, usiwe bahili wa hoi." Nilikuwa nimeshavuka arobaini, akaniita kijana. Nilicheka, lakini sikumfuata. Niliona kama watu wameniamini niandike, basi niandike kilichopo. Labda ulikuwa uungwana. Labda kilikuwa kiburi cha mtu ambaye hakusoma sana na anataka aonekane makini. Mpaka leo sijui ni kipi.

Watu wamezoea kunitania. Fundi baiskeli anayekaa hatua chache kutoka kwangu huwaambia wateja wake, "Huyu mjumbe ukimwambia umefiwa, anaomba aoneshwe kaburi."

"Kaburi tu?" mwingine anadakia. "Anapima na urefu wake kwa futi."

Nami nacheka nao, nikiendelea kukanyaga cherehani. Siwezi kusema nilikuwa naumia. Kwa kweli nilikuwa najisikia vizuri.

Shule zilipofungwa mwezi wa tatu kwa ajili ya corona, sare zilikufa siku ile ile. Nani ashone sketi ya mtoto anayeshinda nyumbani? Ili nisiseme uongo, mwezi wa nne na wa tano nilipatapata kwa kushona barakoa. Nilishona za kitenge, za vitambaa vya mapazia, hadi za mabaki ya sare. Mwezi wa sita watu wakazichoka, wakaanza kuzitundika kwenye vioo vya magari kama mapambo. Baada ya hapo nilikaa na mashine yangu kama mtu aliyekaa na mgonjwa.

Mimi na mke wangu tunalea mjukuu, binti wa darasa la tatu. Anasoma shule ya kulipia, ile ya Kiingereza, na ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa anasoma mtoto wa jirani, aliyeko darasa la sita. Wakati wa likizo ile ya lazima, wazazi walianza kulalamika. Watoto hawajapanda basi la shule, hawajanywa uji wa shule, hawajakaa kwenye kiti cha shule, sasa ada nzima ni ya nini? Walikuwa na haki. Lakini na mwenye shule naye alikuwa na lake. Walimu wake ni watu, wana watoto, na mmoja wao, mwalimu wa hesabu, nilimkuta sokoni amepanga vitunguu mafungu mafungu juu ya gunia. Aliniamkia shikamoo huku ameangalia pembeni. Kwa hiyo sikuweza kusema shule inatunyonya, kama walivyosema wengine. Niliona wote tumeshika kamba moja na wote tumechoka.

Katikati ya mwezi wa sita, tulipotangaziwa kwamba shule zitafunguliwa, ujumbe ukaja kwenye simu za wazazi. Ada itapunguzwa, ila si kwa wote. Itapunguzwa kwa wale ambao shughuli zao zimeharibika kweli, na nafasi ni chache. Mwenye kuomba alete barua ya mjumbe wake, yenye muhuri wa mtaa. Asiyepata punguzo alipe ada kamili kabla ya mtoto kuingia getini.

Basi nikawa mtu wa maana. Katika nyumba zangu kumi, wenye watoto pale tulikuwa wawili tu, mimi na jirani yangu.

Barua yangu mwenyewe sikuweza kuiandika. Mjumbe hajiandikii, hilo hata asiyesoma analijua. Nikavuka daraja la mto Mirongo kwenda kwa mjumbe mwenzangu wa upande ule, mama mmoja mchangamfu, mkubwa kwangu kwa umri, anayeuza mkaa mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanisalimu tena kwa Kisukuma, "Mwangaluka", maana anapenda kunikumbusha kwetu. Nikamweleza.

"Hali yako naijua," alisema. "Keti hapo unywe maji."

Akaingia ndani. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alitoka na bahasha ameshaibandika.

"Niisome, dada?"

"Uisome ya nini? Wewe si ndiye mwombaji? Daktari anakupa cheti uanze kukikagua?"

Nikaichukua ilivyo. Nikaenda nayo mtaani, ikafunguliwa kule, ikagongwa muhuri, ikafungwa tena. Karani alitabasamu alipoisoma. Niliona lile tabasamu. Sikuuliza. Hilo naliandika hapa wazi: niliona, na sikuuliza.

Jirani yangu alikuja siku iliyofuata, jioni. Ni mjane, mwanamke wa miaka arobaini hivi, anakaanga samaki kule Kigongo, penye kivuko cha kwenda Busisi. Abiria wanaosubiri kuvuka ndio wateja wake. Huondoka kabla hakujapambazuka, na mimi husikia komeo la mlango wake kwa sababu ukuta wetu ni mmoja. Alikuwa amekuja na daftari lake la shule la kuandikia, na kalamu mpya, kana kwamba mimi sina.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuja kwa ile barua. Usinicheleweshe, nafasi zenyewe nasikia zinagombaniwa."

Nikamwambia sawa, ila kwanza nitafika Kigongo nione hali.

Aliniangalia. "Mzee, miaka sita nalala nyuma ya ukuta wako. Unasikia nikikohoa. Leo unataka kunikagua?"

"Si kukukagua. Nataka nikiandika, niandike kwa macho yangu."

"Macho yako," alisema. Kisha akacheka, maana hana kinyongo. "Haya, njoo na macho yako. Ila uje na njaa, usije ukaniletea mkosi wa mteja asiyekula."

Nilienda Jumamosi. Nilishuka Kigongo kama saa tatu. Kweli kulikuwa kumepooza. Kwenye mabanda ya chakula akina mama walikuwa wamekaa mikono kwenye mapaja. Ndoo za maji ya kunawia zenye koki zilikuwa zimepangwa njiani, na sabuni zake zimekauka juu kwa kukosa mikono. Jirani yangu alikuwa na karai moja motoni na mengine mawili ameyageuza kifudifudi kwenye mchanga. Sato walikuwa wachache kwenye sinia. Alinipa kiti, akanieleza kwamba zamani angekuwa ameshakaanga mara tatu kufikia saa hizo. Nilimwamini. Lakini nilijiambia, subiri uone.

Kwenye saa tano ukaja msafara. Gari la mbele lilikuwa na kitambaa chekundu kwenye kioo, nyuma yake gari dogo la mizigo limebeba jeneza, halafu mabasi madogo mawili ya waombolezaji. Walikuwa wametoka Mwanza hospitalini wanapeleka maiti ng'ambo, huko mbele ya Sengerema. Kivuko kilikuwa bado upande wa pili, na kilikaa sana huko. Watu wakashuka. Niliuliza marehemu alikuwa na nini, kijana mmoja akasema nimonia, akaongeza haraka, "Walisema nimonia," akaondoka. Mwezi ule tulikuwa tukisikia nimonia nyingi.

Watu wale hawakuwa wamekula tangu jana yake. Wakaja kwenye karai la jirani yangu kwa sababu lilikuwa karibu na gari la maiti, na hawakutaka kwenda mbali nalo. Alikaanga mpaka jasho likawa linamwingia machoni. Sinia likaisha. Akamkimbilia mwenzake kuazima samaki wengine, na hao nao wakaisha. Kulikuwa na bibi mmoja, nadhani mama wa marehemu, amekaa chini ameegemea gurudumu la gari. Jirani yangu alimfuata na sato mzima kwenye sahani, akapiga magoti, akamlazimisha ale. Huyo hakumtoza.

Kivuko kilipofika wakapanda, jeneza kwanza. Pakarudi kimya. Jirani yangu akaja kukaa karibu nami, anajifuta kwa kanga.

"Umekuja na nyota yako leo," alisema. "Tangu mwezi wa nne sijamaliza samaki." Kisha akashika goti langu kama mtu anayemwamsha mtu. "Lakini mzee, usiandike ya leo. Hii si biashara, huu ni msiba."

Nilimsikia vizuri. Hakukuwa na upepo wala kelele ya injini. Nilimsikia.

Nyumbani nilikaa na karatasi jioni nzima. Nilichoandika nakikumbuka neno kwa neno kwa sababu nilikinakili kwanza kwenye daftari, ndiyo kawaida yangu:

"Mimi mjumbe nimefika kwenye eneo la biashara la mwombaji na kujionea. Biashara ya samaki imepungua ukilinganisha na zamani, kwa sababu ya abiria kuwa wachache. Hata hivyo siku niliyofika wateja walikuwepo na samaki waliisha. Mwombaji ni mchapakazi na mwaminifu. Naomba asikilizwe."

Kila sentensi hapo ni ya kweli. Nilisoma mara tatu, nikatafuta uongo, sikuuona. Kuhusu jeneza nilifikiria. Nilisema moyoni kwamba si adabu kumwingiza marehemu wa watu kwenye barua ya ada ya shule. Nilijiambia ni heshima. Sasa nikiangalia, naona pia kwamba ile sentensi ya "samaki waliisha" ilinipendeza. Ilionesha kwamba nilifika. Ilionesha kwamba mimi si mjumbe wa kuandika akiwa amekaa.

Alikuja kuichukua. Yeye nilimpa wazi, aisome. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, halafu akaketi akaisoma tena.

"Mjumbe. Mbona hapa sijaumia?"

"Nimesema biashara imepungua."

"Imepungua. Na mwili unapungua, na nywele zinapungua." Akaninyooshea karatasi. "Barua hii ingekuwa ya kuombea mkopo benki ningekushukuru. Wangenipa hata lori."

"Mama, nimeandika nilichokiona."

"Uliona na maiti. Mbona maiti haimo?"

Nilisema, "Lile halikuwa letu kuliandika."

"Ongeza neno moja tu, mzee wangu. Moja. Andika hali ni mbaya. Siyo uongo, ni mbaya kweli. Mtoto yuko la sita, amebakiza mwaka mmoja na nusu amalize. Nimtoe sasa nimpeleke wapi?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Mwandikie."

Nikasema nikianza kuongeza kwa jirani, kesho nitaongeza kwa nani? Nilisema na mengine, kuhusu kazi ya mjumbe na kuaminika. Nilisema kwa sauti ya taratibu, kama padri. Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana heshima, akakunja barua akaiweka kifuani. Alisema, "Asante mjumbe." Akaenda zake. Komeo la mlango wake nililisikia.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi orodha ilibandikwa kwenye geti la shule. Mjukuu wangu alikuwemo. Mtoto wa jirani hakuwemo. Nilisoma kuanzia juu kwenda chini, halafu chini kwenda juu, nikidhani labda wamechanganya.

Nikaomba kumwona meneja. Ni mtu mpole, mwembamba, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu asiyelala. Juu ya meza alikuwa na rundo la barua limefika kidevuni kwake. Nilimweleza nimekuja kwa ajili ya mtoto wa la sita, mama yake anakaanga samaki Kigongo, nami ndiye mjumbe niliyeandika.

"Ahaa, wewe ndiye," alisema. Akaitafuta, akaiona. "Mzee, barua hizi sisi tunazisoma kwa kupunguza. Mjumbe akiandika mtu yuko hoi, tunajua anachechemea. Akiandika anachechemea, tunajua anatembea. Sasa wewe umeandika anatembea. Mimi nikajua huyu anakimbia."

"Lakini mimi sitii chumvi."

"Ningejuaje?" Hakusema kwa ubaya. "Ninazo barua zaidi ya mia hapa. Ningejuaje kwamba hii moja ndiyo haina chumvi?"

Nikamweleza habari ya msafara. Nikamweleza jeneza, na yule bibi kwenye gurudumu. Alisikiliza, akavua miwani, akaiweka juu ya barua zile.

"Ungeandika hilo," alisema.

Niliomba niandike nyingine pale pale. Alisema orodha imeshapita kwa mwenye shule, nafasi zimejaa, na akimwongeza mmoja lazima amtoe mmoja. Kisha, kama mtu aliyekumbuka, akavuta barua nyingine kutoka kwenye rundo. Ilikuwa yangu, aliyoandika mjumbe mwenzangu wa mkaa. Nadhani alinionesha ili nione tofauti tu, sidhani alikuwa na nia nyingine. Niliisoma nikiwa nimesimama. Ilisema nimepooza mkono wa kulia. Ilisema cherehani nimeiuza kununua dawa. Ilisema mke wangu anaombaomba kwa majirani. Na mwisho kabisa, kwamba niko hoi.

Meneja aliangalia mkono wangu wa kulia uliokuwa umeshika karatasi.

"Cherehani umeuza kweli, mzee?"

Nilisema, "Kazi hakuna, mwanangu."

Ni kweli kazi haikuwepo. Lakini hakuniuliza hilo.

Alingoja kidogo. Mpaka leo naamini alingoja. Alikuwa ameshasema kwamba akimwongeza mmoja amtoe mmoja, na huyo wa kutolewa alikuwa amesimama mbele yake na mikono yote miwili. Neno lilifika kooni. Nilimwona mjukuu wangu, jinsi alivyokuwa ameshapanga daftari zake kwenye begi tangu wiki mbili nyuma, kila siku anazitoa na kuzirudisha. Nikasema, "Asante." Nikaweka barua mezani, nikatoka.

Njiani nilijiambia hata kama ningesema asingekubali. Labda ni kweli. Sikumpa nafasi ya kukataa.

Jirani yangu hakuja kunilaumu. Jumatatu mjukuu wangu alikwenda shule, na jirani akaenda shule ya msingi ya serikali kumwombea mwanawe nafasi. Walimpokea vizuri, hilo nalo niliseme. Mwalimu mkuu hakumsumbua hata kidogo, ingawa darasa limejaa na wengine wanakaa chini. Ila kule wanasoma kwa Kiswahili, na mtoto huyu tangu chekechea amefundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Ataanza kujua upya majina ya vitu anavyovijua.

Jana walikuja wote wawili, mama na mtoto, na kitambaa cha bluu. Sketi ya serikali. Nilimwambia mama sitaki hela. Akasema, "Mjumbe, usinitie aibu mbele ya mtoto," akaiweka chini ya bamba la cherehani.

Nilimpima mtoto. Ni mrefu kwa umri wake, ana mabega ya baba yake. Alisimama, mikono ameiinua kidogo, macho yanatazama barabarani. Nilipofika kiunoni akaniuliza, "Babu, ile namba ya juu kwenye sehemu, kwa Kiswahili inaitwaje?"

"Kiasi," nikamwambia.

"Na ya chini?"

"Asili."

Akarudia kwa midomo bila sauti, kiasi, asili, kiasi, asili. Mimi niliyafundishwa maneno hayo kwa fimbo, na yamekaa. Sikujua kama yangekuja kuhitajika na mtu.

Nimeishona leo asubuhi. Mama yake alikuja kuichukua peke yake kama saa nane. Hakwenda Kigongo leo, alisema samaki wamepanda bei na wala watu hawapo. Aliikagua mishono kwa ndani, akaridhika. Nami nikaona nikikaa kimya tena nitakuwa nimekaa kimya maisha yangu yote. Nikamwambia. Nikamweleza barua yangu ilivyosema, mkono, cherehani, kuombaomba. Nikamweleza swali la meneja na nilivyojibu. Nikamweleza na pale aliponingojea.

Alikuwa anakunja sketi. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha mkononi.

"Nilijua," alisema. "Karani wa mtaa ni mtu wa kusema. Barua yako mtaa mzima umeicheka."

Niliinama nikaanza kuokota nyuzi chini ya cherehani.

"Mzee, mimi sina hasira kwamba wewe ulipata wa kukusemea uongo," alisema. "Nina hasira kwamba wa kunisemea mimi nilimwomba kweli, akakataa. Kweli ilikuwepo, ukaikata kama unavyokata kitambaa, ukaacha kipande unachokitaka wewe."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Siyo leo."

Aliweka sketi kwenye mfuko wa nailoni, akaniaga kwa heshima ile ile ya siku zote, shikamoo ya kuagana na kila kitu. Fundi baiskeli alimwita kwa utani, "Mama, mbona leo hatunusi samaki?" Akapita moja kwa moja. Fundi akaniangalia, akaona uso wangu, akarudi kwenye tairi lake.

Kesho nimepanga kwenda kwa meneja kusema kwamba mkono wangu ni mzima. Nimelipanga hilo tangu Jumamosi, na kila asubuhi mjukuu amevaa sweta lake amenipita akisema "Babu, naondoka", na mimi nimebaki hapa. Siwezi kuahidi. Hata nikienda, mtoto wa jirani ameshapokelewa kule na sketi ameshashonewa, sijui kama litamsaidia yeye au litanisaidia mimi tu kulala. Nimejaribu kulipima na siwezi kulipima.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyopikwa kwa karanga. Mjukuu alikula sana, alisema siku hizi shuleni uji ni mwepesi. Mke wangu alimpakulia tena, halafu akanipakulia mimi.